Kisigino Kiguse Chini

Mpimaji wa picha aliponyamaza, Pima alijua kuna jambo. Mpaka hapo mwanamke yule alikuwa mchangamfu kama redio ya asubuhi. Alimpaka Pima ute baridi tumboni, akazungusha kile kidude chake huku akimwonyesha kwenye skrini: kichwa hiki, moyo huu unavyodunda, na mkono huu, ona, mwanao anatusalimia. Kisha akashuka chini zaidi, akakaza macho, akafunga mdomo. Pima alikuwa fundi lipu. Katika kazi yake, fundi anayepiga soga siku nzima akinyamaza ghafla mbele ya ukuta, ujue ameona ufa.

"Kuna nini, dada?"

"Ngoja kidogo, mama. Nageuza nione vizuri."

Akageuza, akapima, akarudia kupima. Mwishowe akafuta mikono, akavuta kiti karibu na kitanda, na Pima akaona kwamba kule kuvuta kiti ndiko habari yenyewe.

"Nyayo zake zimekunjika kwa ndani," alisema. "Zote mbili. Kama mtu anayejaribu kutazama chini ya mguu wake mwenyewe. Kwingine nilikoona ni sawa, lakini nataka daktari bingwa akutazame kwa mashine kubwa. Na presha yako imepanda. Unafanya kazi gani?"

"Napiga lipu."

"Kuta?"

"Kuta, dari, sakafu. Popote panapotaka kunyooshwa."

"Unapanda jukwaa na tumbo hilo?"

 Pima alitazama vidole vyake. Saruji ilikuwa bado kwenye kucha.

Jina la Pima alilipata kazini, kwa sababu ya pima maji: kile kipande cha chuma chenye kichupa cha maji katikati, na ndani ya maji kiputo cha hewa kinachokwambia kama kitu kimelala sawa au kimeegemea upande. Mafundi wenzake walikiacha kazini pamoja na miko na makarai. Yeye alirudi nacho nyumbani mkobani. Akialikwa kwa watu, picha iliyokaa upande ukutani ilimnyima raha mpaka ainuke aende kuinyoosha. Hata mume alimpata kwa njia hiyo. Alimsindikiza kaka yake kunyolewa, akasimama nyuma ya kiti, akatazama weee, kisha akamwambia kinyozi, "Upande wa kushoto umeshuka." Kinyozi alirudia upande ule mara mbili. Baadaye alizoea kuwasimulia wateja kwamba haukuwa umeshuka hata kidogo, ila alijua akimaliza tu yule dada ataondoka.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyerudi nyumbani siku ile na habari za nyayo zilizopinda. Walikuwa wamengoja mtoto miaka mingi, mpaka watu wakaacha kuuliza.

"Nimempinda mimi," alimwambia mumewe. "Kujikunja kule juu ya majukwaa. Nimejikunja, nikamkunja na yeye."

Kinyozi, ambaye kwa kawaida si mtu wa kukosa neno, aliinuka. Akaleta beseni la maji ya vuguvugu na mswaki wa zamani, akaanza kumsugua saruji kwenye kucha, moja baada ya nyingine.

"Tumsikie bingwa kwanza," alisema alipofika kidole gumba.

"Na usimwambie mtu."

"Mimi?"

"Wewe."

"Nitakufa nayo hii."

Daktari bingwa alikuwa mzee mfupi aliyekuwa akitafuta miwani yake mezani na kwenye droo. Pima akamwonyesha kwa kidole kwamba ilikuwa kichwani. Basi akacheka, akaishusha, na akatazama kwa muda mrefu bila haraka. Alitaja kila alichokiona. Uti wa mgongo, sawa. Moyo, vyumba vyote, sawa. Figo, sawa. Kwa kila "sawa" Pima alipumua, na kinyozi aliyesimama pembeni akapumua pamoja naye kwa sauti kubwa kuliko ya mgonjwa.

"Ni miguu tu," daktari alisema.

"Daktari, ni jukwaa?"

"Jukwaa gani?"

Pima akamweleza. Alieleza yote, hata ile dari ya ukumbi aliyoimaliza akiwa amelala chali juu ya mbao. Daktari alimwacha amalize.

"Kuna makarani wanaoshinda kitini kutwa, na wanazaa watoto wa hivi. Mke wa daktari mwenzangu alizaa wa hivi. Hukula kitu kibaya, hukulala vibaya, na jukwaa halihusiki. Hutokea. Mara nyingi hatujui kwa nini, na mimi sitakudanganya kwamba najua." Akainua kidole. "Ila jukwaani utashuka. Siyo kwa ajili ya miguu yake. Kwa ajili ya presha yako. Kizunguzungu kikikupata huko juu, tutaokota watu wawili."

Kisha akawaeleza kazi iliyokuwa mbele. Mtoto akizaliwa wampeleke mapema, angali laini. Kila wiki mguu utasogezwa kidogo kwa mkono, ufungwe plasta ya kukauka ngumu ukae hapo, wiki ijayo usogezwe tena. Halafu mkato mdogo kwenye kano ya nyuma ya mguu, na baada ya hapo viatu vilivyounganishwa kwa chuma, avivae kutwa kwa miezi michache, kisha kila anapolala kwa miaka kadhaa.

"Vidole vitageuka upesi, na mtafurahi," alisema. "Msifurahi mapema. Kinachochelewa siku zote ni kisigino. Kinabaki juu, hakitaki kushuka. Siku kisigino kikigusa chini, huyo atatembea kama mtoto mwingine yeyote."

Pima aliielewa lugha hiyo kuliko mahubiri yote aliyowahi kuyasikia. Alitoka mle akiwa na ombi moja tu, fupi, la kuweza kulibeba mkononi: kisigino kiguse chini.

Kazini akashuka jukwaani kama alivyoambiwa, lakini hakuondoka. Aligeuza ndoo, akaikalia katikati ya chumba, pima maji mapajani, akawa anaamrisha. Fundi mwenzake, mzee mwembamba aliyeitwa Chokaa kwa sababu ya mvi zake, ndiye aliyepata taabu.

"Kona ile imevimba, Chokaa."

"Haijavimba."

"Imevimba."

"Shemeji yangu kinyozi anaishi vipi na huyu?" Chokaa aliuliza dari. "Mtu amekatazwa kupanda, sasa anapanda kwa mdomo."

"Na kunywa dawa ya presha umesahau kunikumbusha."

"Basi kunywa, mama wee, na ukimaliza ulale."

Alikunywa. Alipimwa presha kila alipoambiwa aende, akapunguza chumvi, akalala mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu utotoni na lililompa aibu kama ya mwizi. Na akiwa amelala hivyo, mtoto alimpiga mateke. Alijua sasa mateke yale yanapigwa kwa miguu ya namna gani. Mwanzoni alilia. Siku nyingine akajikuta anacheka, kwa maana yalikuwa mateke ya nguvu, na yalizipiga mbavu zake kama mtu anayegonga mlango na hana mpango wa kuondoka.

Kinyozi hakufa nayo ile siri. Pima alilijua hilo siku alipopita dukani kumpelekea chakula, na wateja wote wakanyamaza kwa pamoja wakatazama nje, kana kwamba barabarani kunapita harusi.

"Umewaambia," alisema Pima.

"Sikuwaambia wote. Nilimwambia mmoja, wengine walikuwa wanasikiliza."

Pima alikuwa anafungua kinywa amtie adabu mbele za watu, mteja aliyekuwa kitini akainuka. Alikuwa mwalimu wa michezo wa shule ya jirani, shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu ina msitu.  Akainama, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akavua soksi, akasimama peku.

"Tazama, shemeji."

Pima akatazama. Miguu ilikuwa miguu. Mashavu ya miguu yalikuwa membamba kidogo, na nyuma ya kila kisigino palikuwa na kovu dogo kama mkwaruzo wa ukucha.

"Nilizaliwa nayo imegeuka hivi," alisema mwalimu, akikunja viganja vyake kwa ndani. "Mama yangu alinibeba mgongoni kila wiki kwenda kwenye plasta. Hakuambiwa mapema kama wewe. Aliniona siku ile ile, akapiga kelele mpaka wodi nzima ikaamka. Sasa mimi ndiye ninayewakimbiza watoto wa shule nzima, na hawanipati."

 Mkono wa Pima ulikwenda kule ulikozoea kwenda. Akatoa pima maji mkobani, akapiga magoti, akakilaza juu ya miguu ya mwalimu, toka mguu mmoja hadi mwingine. Duka zima likainama kutazama kiputo.

"Nimefaulu?" aliuliza mwalimu.

"Wa kulia umeshuka kidogo."

"Hiyo ni sakafu yenu."

"Sakafu niliimwaga mimi mwenyewe!"

Wakacheka mpaka kinyozi akazima mashine. Jioni hiyo Pima hakumtia adabu. Alimwambia tu kwamba kwa kuwa amekwisha kuwaambia wote, basi amwambie na mama yake.

Mama mkwe alifika wiki mbili kabla ya kujifungua, na mikoba minne na maneno ya kutosha kuujaza wa tano. "Nilimwambia mwanangu," alisema kabla hajakaa, "ukioa mwanamke anayeona paa la nyumba kwa juu, jiandae." Lakini alikaa, akauliza kila kitu, akauliza tena alichokwisha kuuliza, na kesho yake ndiye aliyemshika Pima mkono kwenda kupima presha, akimtaka muuguzi amsomee namba kwa sauti.

Mtoto alizaliwa mchana kweupe, katika chumba ambacho kila aliyemo alikuwa anajua. Presha ilikuwa juu lakini ilikuwa imeshikwa. Mkunga alimwinua, akamfuta, akatazama chini, akasema kwa furaha kabisa, kama mtu aliyepokea mgeni aliyeahidi kuja, "Ehee! Na hii ndiyo ile miguu tuliyokuwa tunaisubiri." Pima alikuja kulifikiri neno hilo mara nyingi. Mama wa mwalimu alipiga kelele. Yeye, kwa sababu ya picha ya kijivu na mwanamke aliyevuta kiti, alipewa miezi ya kulia kwanza, ili siku yenyewe ibaki ya kufurahi tu. Alizishika zile nyayo mbili, moja kwa kila kiganja. Zilikuwa laini kama udongo ambao haujaanza kushika.

Walimwita Mkaguzi, kwa vile alivyokunja uso akiwatazama watu kazi zao.

Tabibu wa plasta alikuwa kijana mkimya mwenye mikono mikubwa. Mama mkwe alimshika Mkaguzi kichwa na kumwimbia, Pima akamshika goti, na tabibu akausogeza mguu taratibu, akazungusha pamba, akazungusha bandeji ya plasta iliyolowa, kisha akabonyeza kwa vidole na kutulia hivyo hivyo mpaka ikakauka. Alipoachia, mtoto alikuwa na buti mbili nyeupe toka vidoleni hadi mapajani. Kwenye benchi la kungojea mwanamke mmoja alitazama, akaguna kwa huruma. Mama mkwe hakuiacha ipite.

"Mjukuu wangu anajengwa, mama," alisema. "Huyu bado yuko kwenye jukwaa."

Vidole viligeuka, kama walivyoambiwa. Wiki ya pili, ya tatu, mguu ulifunguka kama mtu anayegeuka polepole kukutazama. Jambo moja tu lilimkera Pima, na alijaribu kulinyamazia. Plasta ya tabibu haikuwa nzuri. Ilikuwa na mabonde, na alama za vidole, na pembeni ilimeguka kwa sababu Mkaguzi aligonganisha buti zake kutwa nzima. Pima aliitazama akimnyonyesha. Aliitazama akimbadilisha nepi. Kungekuwa na mtu wa kumzuia angezuiwa, lakini kinyozi alikuwa dukani na mama mkwe amelala. Akakoroga jipsamu kidogo, unga mweupe wa kusawazishia dari, kwenye bakuli. Akaongeza saruji nyeupe kiasi cha kijiko, ili isimeguke tena. Akachukua mwiko wake mdogo kuliko yote.

Chokaa alipokuja jioni kumwona mtoto, alipiga mluzi. "Buti za bwana harusi hizi!" Zilikuwa laini, zinang'aa, kila kona imenyooka.

Asubuhi ya kliniki plasta ililowekwa kwenye beseni ilainike, kama kawaida. Haikulainika. Wakaongeza maji, wakangoja. Ilikaa vile vile, ngumu kama kizingiti, na Mkaguzi akikunja uso. Wakaenda hivyo hivyo. Tabibu aliigonga kwa kucha, ikalia kama kikombe.

"Nani kapiga lipu hapa?"

Pima akainua mkono, kama mtoto wa darasani.

Ilikatwa kwa msumeno mdogo, kwa uangalifu mkubwa na kwa jasho. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, kwa sababu buti zile zilikuwa nzito na zilisugua. "Wiki hii hatufungi," alisema tabibu. "Ngozi ipumzike." Akaushika mguu, akautazama. "Utarudi nyuma kidogo." Kisha, kwa kuwa Pima alikuwa amekauka kama ukuta, akamwonyesha vile vipande. "Hapa uliposawazisha palikuwa na shimo la kidole changu. Kidole changu kilikuwa hapo kwa sababu hapo ndipo mfupa unaposukumwa. Mabonde unayoyaona, mama, ndiyo kazi yenyewe. Plasta yangu haitazamwi kwa nje."

Pima alilia njia nzima. Alikuwa amengoja maneno ya mama mkwe, na yalikuja, walipofika mlangoni.

"Mkwe wangu," alisema bibi yule, akimpokea mtoto mikononi, "umeharibu, ndiyo. Lakini kwa uzuri ule? Sijawahi kuona kosa lililonyooka namna ile." Akacheka mpaka akaegemea mlango, na Pima naye, na machozi yake bado hayajakauka, akashindwa kujizuia.

Mguu ulirudi nyuma, kisha ukasogea mbele tena. Ikaja siku ya mkato, ambao ulikuwa mdogo kuliko kilio cha kinyozi aliyengoja nje. Vikaja viatu vyenye chuma, ambavyo Mkaguzi alivitumia kumpigia baba yake tumboni. Ikaja siku ya kuvivua mchana na kuvivaa akilala tu. Akaanza kusimama, ameshika kiti, ameshika sketi, ameshika ndoo.

Na hapo ndipo wasiwasi wa Pima ulipokuwa. Tabibu alisema mguu uko vizuri. Lakini tabibu aliushika mguu ukiwa hewani, na Pima alitaka kuuona chini. Mtoto akisimama ameshika kitu, hujui kama amesimama au ananing'inia. Alilala kifudifudi sebuleni, shavu sakafuni, akichungulia chini ya kisigino kama kuna mwanga unaopita. Kila alipokaribia kuona, Mkaguzi aliinua mguu.

"Anasali?" mama mkwe alimwuliza mwanawe.

"Anapima," alisema kinyozi.

Siku ilipofika, hakuna aliyekuwa anaingoja. Pima alikuwa amerudi kazini, na asubuhi hiyo mama mkwe alimleta Mkaguzi anyonye kwenye nyumba waliyokuwa wakimalizia. Chokaa alikuwa amemwaga sakafu ya jikoni, ameivuta kwa ubao, inang'aa maji maji, bado mbichi. Mkaguzi aliwekwa chini ukumbini, peku, ameshika ndoo. Watu wazima wakageuka kubishana juu ya rangi ya dari.

"Mkaguzi kaingia!" Chokaa alipiga kelele.

Alikuwa ameachia ndoo. Alikuwa katikati ya jiko, mikono juu, peke yake, hajashika kitu chochote duniani, na alikuwa anatembea. Akafika karibu na ukuta wa pili, akageuka awaone, akakaa kitako kwenye saruji, tope likaruka.

Pima alimnyakua, akamtumbukiza kwenye ndoo ya maji safi, kwa maana saruji mbichi huuma ngozi. Alimwosha miguu upesi, kisha akaiosha tena pole pole, kati ya vidole, nyuma ya kovu dogo. Akamkabidhi kwa bibi yake. Ndipo akarudi jikoni, akapiga magoti kwenye kizingiti.

Nyayo zilikwenda toka mlangoni hadi kwenye lile shimo la makalio. Vidole vitano, kila kimoja na kitobo chake. Ubavu wa mguu. Na nyuma, pale ambapo tangu siku ya ile skrini ya kijivu alikuwa akiogopa kutakuwa patupu, palikuwa na duara, la ndani kuliko sehemu nyingine zote, kwa sababu hapo ndipo mtoto alipoweka uzito wake. Unyayo wa pili hivyo hivyo. Wa tatu. Pima akaweka kidole gumba ndani ya kisigino cha kwanza, kikaenea sawasawa.

Chokaa alikuwa ameshika pima maji, amemnyooshea. "Hutapima?"

"Leo sipimi."

Kinyozi aliitwa, akaja anakimbia na mashine ya kunyolea bado mkononi, akatazama, akaanza kumwelezea kila unyayo mtu aliyekuwa akipita dirishani. Mama mkwe alitaka sakafu iachwe ikauke vile vile. Chokaa naye akaafiki: kwani mwenye nyumba atajua ni nini?

"Mwenye nyumba anataka sakafu tambarare," alisema Pima.

Akachukua mwiko. Akalaza ubao avukie, akaenda mpaka kwenye unyayo wa mwisho, akaanza kuzifuta mwenyewe, moja moja, akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Huko nyuma yake Mkaguzi alikuwa analia kwa hasira, anajipinda mikononi mwa bibi yake, anataka awekwe chini.

"Muweke tu, mama," Pima alisema bila kugeuka. "Atakanyaga nyingine."